Yule Mkubwa Ndo Mama

Mzee alimlaza samaki kwenye ubao, akamchana tumbo lote mpaka chini ya mashavu, akaingiza vidole viwili akavuta. Ikatoka mifuko miwili ya mayai, rangi ya chungwa iliyopauka, imejaa mpaka imebana, na juu yake mishipa myembamba ya damu imetambaa. Akaiweka pembeni kwenye zege. Akachukua samaki wa jirani yake, huyu mdogo, hata nusu ya yule wa kwanza hafiki, akamchana naye. Huyu hana mayai. Ana vipande viwili vyeupe laini, ukivibonyeza yanatoka maziwa mazito.

"Wadogo hawa madume," akasema huku anasuuza kisu. "Wakubwa ndo majike. Ila ni samaki walewale."

Nikamuomba arudie, maana Kifaransa cha wavuvi wa kule kinaenda mbio. Akarudia vilevile. Halafu akaisukuma ile mifuko ya mayai kwa ncha ya kisu ikaangukia mferejini, shakwe wakashuka, ikaisha.

Yeye akarudi kwenye mshipi wake. Mi nikabaki nimesimama.

Hiyo ilikuwa Oktoba, pale Sète, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, na wiki zimepita bado naligeuza kichwani. Kwamba kuna samaki wanaobadili jinsia nilishasoma, wengi tumesoma. Kilichonikaa ni mpangilio aliousema mzee: mdogo dume, mkubwa jike, samaki yuleyule. Manake kama ni hivyo, basi kila tunapochagua samaki kwa ukubwa kuna kitu kingine tunakichagua pamoja nao na hatukitaji.

## Huyo samaki mwenyewe

Kitaalamu ni Sparus aurata. Wafaransa wanamwita daurade royale, Waitaliano orata, Wagiriki tsipoura, Waturuki çipura. Kama unaishi Ulaya kuna uwezekano mkubwa umeshamla, ndo yule samaki mzima wa sahani moja anayeletwa na kipande cha limao.

Mwili wake ni bapa, umeinuka mgongoni, umbo la yai. Rangi ni fedha inayoelekea kijivu. Pale mstari wa ubavuni unapoanzia, nyuma ya kichwa, ana doa jeusi kubwa, nusu limekaa kwenye kifuniko cha shavu nusu limeingia mwilini, na chini ya doa hilo ukingo wa kifuniko una wekundu kidogo. Macho yake ni madogo kwa kichwa kile. Na katikati ya macho ndo kuna alama yake yenyewe, ukanda wa dhahabu uliopakana na weusi pande zote mbili. Kwa vitoto haujakolea. Kwa mkubwa aliyetoka majini sasa hivi unang'aa kweli, jua la asubuhi likiupiga unabaki kuutazama tu, halafu akishakufa unaanza kufifia, mpaka afike sokoni kwenye barafu umekuwa umanjano fulani hivi usioweza kumsimamisha mtu. Kwa hiyo wengi wetu tunamla bila kuwahi kumuona alivyo.

Akiachwa anaweza kufika sentimita 70. Wengi wanaovuliwa wanakuwa kwenye 35 hivi, na hiyo namba 35 naomba uikumbuke, nitairudia huko mbele.

## Mdomo

Mzee aliona namkazia macho, akaniita. Akaupanua mdomo wa yule jike kwa vidole gumba viwili akaniambia, gusa.

Mbele kuna meno machache yaliyochongoka, kwenye taya manne mpaka sita, ya kung'ata na kung'olea. Nyuma yake sasa: safu kwa safu za meno butu ya mviringo, yamebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Nilipitisha kidole taratibu. Hakuna linalokata. Yote ni ya kuponda. Midomo minene, na ukishika pembe ya taya unasikia nyama ngumu ya misuli, ngumu kuliko sehemu yoyote nyingine ya yule samaki.

Chakula chake ni kome, chaza, kaa, konokono wa baharini. Majani pia anakula, ila kidogo. Anamchukua kome na gamba lake, anamponda, anatema vipande, anameza nyama na vipande vingine vinapita tu. Tumboni mwa yule jike kulikuwa na vigamba vyeusi vya kome vimesagwa, vina ncha, nilishangaa utumbo haujatoboka. Ndo maana chambo cha wavuvi wa pale ni kome au kaa, na ndoana lazima iwe nene, nyembamba anaivunja.

Nyuma ya mji wa Sète kuna ziwa. Ukilizunguka ukafika kijiji cha Bouzigues unakuta watu wanaomzungumzia kwa sauti nyingine kabisa. Pale wanafuga chaza. Hawawamwagi chini, wanawabandika kwa saruji mmojammoja kwenye kamba, halafu kamba zinaning'inizwa kwenye fremu zilizosimikwa majini. Mama mmoja mfugaji aliniambia kundi la daurade likipita kwenye kamba zako unaweza kuvuta kamba ukakuta saruji na mabaki ya magamba, basi. Alikuwa anaongea huku mikono yake haiachi kazi, na nilielewa kwamba kwake yeye huyu samaki ni hasara ya pesa, ya miezi mingi ya kusubiri. Upande wa Bretagne nako, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa kwenye Atlantiki, wafugaji wa kome wamelalamika hivyohivyo miaka ya karibuni, maana daurade anazidi kuonekana kaskazini kadiri maji yanavyopata joto.

Nalitaja hili mapema kwa sababu sitaki mtu adhani naandika kuhusu samaki asiye na kesi. Kesi anayo.

## Anaingia na kutoka

Ziwa lenyewe linaitwa Thau. Ni la maji chumvi, hektari kama 7,500, urefu kilomita kama 20, na kina chake kwa wastani hakifiki hata mita 5. Limetengwa na bahari na ukanda mwembamba wa mchanga, na maji yake yanaingia na kutoka hasa kwa ile mifereji inayoukata mji wa Sète katikati.

Baharini kwenyewe anapenda kukaa pwani. Utamkuta kwenye nyasi za chini ya maji, kwenye mchanga, hata pale mawimbi yanapovunjikia, wengi hawazidi mita 30 kwenda chini ingawa wakubwa wanashuka zaidi. Anatembea peke yake au vikundi vidogo. Chumvi haimsumbui, ikiwa nyingi sawa, ikipungua sawa. Kinachomsumbua ni baridi. Maji yakishuka mpaka nyuzi 4 anakufa, na hata kabla hayajafika huko anakuwa mzito, anaacha kula.

Sasa weka hivyo vitu viwili pamoja utaona maisha yake yote. Masika ya huku Ulaya, Machi Aprili, ziwa ni la kina kifupi kwa hiyo linapata joto haraka kuliko bahari, chakula kimejaa, anaingia. Vuli ziwa hilohilo linapoa haraka kuliko bahari, anatoka. Na njia ni zilezile, mifereji inayopita chini ya madaraja ya magari katikati ya mji.

Ndo maana ukienda Sète upepo wa kaskazini ukishaanza kupuliza unakuta watu wamejipanga kwenye kingo za mfereji bega kwa bega, kuanzia Pointe Courte ule mtaa wa wavuvi mpaka huku bandarini, wazee, vijana, watu wamechukua likizo kazini kabisa, viti vya kukunja, thermosi za kahawa. Kila mtu anajua daurade lazima apite. Njia kubwa ni hiyo.

Na anakoenda ni kuzaa. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba hivi wanataga huko nje baharini, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 20,000 mpaka 80,000 kwa siku, siku nyingi mfululizo, msimu unaweza kufika miezi minne. Yai halifiki hata milimita moja, linaelea. Baada ya siku kama mbili linaanguliwa, kile kilichotoka kinabebwa na mikondo siku kama 50, halafu kinasogea pwani, na kikibahatika kinaingia ziwani, kule kwenye joto na chakula, wakati uleule wakubwa nao wanarudi.

Kuna watafiti wa Montpellier wanaofanya kitu ambacho mimi nikisoma nilisimama kabisa nikatembea chumbani. Samaki ana kijiwe kidogo ndani ya sikio. Kijiwe hicho kinakua tabaka juu ya tabaka maisha yake yote, na kila tabaka linashika chembechembe za maji aliyokuwamo wakati huo. Kwa hiyo wanamchukua daurade mkubwa aliyevuliwa baharini, wanakata kijiwe, wanapima, na wanaweza kusema huyu utoto wake aliulelea kwenye ziwa fulani. Yale mabwawa ya pwani, yale watu wanayoyaona maji yametuama tu, ndo yamelea sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa baharini. Sisi watu wa pwani hili halihitaji maelezo marefu, mikoko yetu inafanya kazi hiyohiyo.

## Dume kwanza

Sasa turudi kwa aliyosema mzee, maana nilienda kuyasoma kwa bidii yote.

Ni kweli.

Daurade anapokomaa mara ya kwanza, umri wa mwaka mmoja mpaka miwili, urefu sentimita 20 mpaka 30, ni dume. Anatoa mbegu, anazalisha. Ila tangu mwanzo ndani ya kile kiungo chake zipo sehemu zote mbili, ya kike na ya kiume, ya kike imelala. Msimu ukiisha, sehemu ya kiume inaweza kunywea na ya kike ikaamka, na msimu unaofuata samaki yuleyule anataga. Hiyo inatokea kwenye mwaka wa pili kwenda wa tatu, urefu sentimita 33 mpaka 40.

Si wote. Wapo wanaobaki madume. Na inavyoonekana mwili haujiamulii peke yake, unaangalia na majirani: majike wakubwa wakiwepo wengi, vijana wanachelewa kugeuka, na madume wadogo wakiwepo wengi, wakubwa wanageuka kwa wingi zaidi. Namna gani samaki anahesabu wenzake sijui hata nianze wapi kuwaza, lakini matokeo yanaonekana.

Kwa nini dume kwanza? Mbegu ni ndogo, mwili mdogo unaziweza, hata kijana wa sentimita 22 anatosha. Mayai yanataka nafasi, yanataka mafuta, yanataka mwili uliokula miaka kadhaa. Kwa hiyo maisha yake amepangiwa hivyo, utoto ziwani, ujana udume, ukubwa umama.

Na hapo ndo ile 35 yangu inakaa. Samaki wa sentimita 35, yule ambaye watu wote wanamuona ni wa saizi nzuri, amesimama mlangoni kabisa. Ndo anageuka au ndo kwanza amegeuka.

## Rula

Nilirudi Sète. Nikawa naangalia rula zao sasa, si samaki.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa bahari ya Mediterania inasema daurade asiyefika sentimita 20 hachukuliwi. Watu wengi pale wanaifuata, niliona kijana mmoja anamrudisha majini kitoto kwa uangalifu wote, anakishika mkono ukiwa umelowa ili asikitoe ute, anakishusha, hakirushi. Nilimpenda bure.

Lakini fikiria sentimita 20 ni nini kwa samaki huyu. Ni dume anayeanza. Sheria imemlinda mpaka awe baba, halafu imemwachia. Kutoka 20 mpaka 33 ni safari ya mwaka mmoja au miwili, na njia nzima hakuna kitu kinachomlinda, na akishavuka akawa mama ndo anakuwa samaki wa kupigwa naye picha.

Kila mtu pale anamtaka mkubwa. Anayepata wa kilo tatu anaitiwa watu waje waone. Na mi niliitwa, nikaenda, nikatazama, na kweli ni mzuri mno, huwezi kumtazama ukamchukia aliyemvua, furaha ya mtu ni ya kweli. Ila kichwani nilikuwa nahesabu, elfu 20 kwa siku, elfu 80 kwa siku, na ni Oktoba.

## Hapa nilikwama

Nisije nikajifanya nimemaliza. Nilikwama, tena kwa muda.

Kwanza, daurade hayupo hatarini. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inamweka kwenye kundi la wasiwasi mdogo kabisa. Yule mama wa Bouzigues angenisikia nawatetea majike wakubwa nadhani angeniuliza hizo chaza zangu utalipa wewe? Na ana haki, maana taya linaloponda zaidi ni la huyohuyo mkubwa.

Pili, mzee nilipomuuliza aliniambia wengi wanapita usiku, wengi wanapita katikati ambako mshipi haufiki, hawa tunaowatoa ni wachache. Ameshinda kwenye ile mifereji maisha yake yote, mi nani nimbishie.

Na la tatu ndo lilinisumbua kuliko yote. Kama mwili wa samaki unaangalia majirani, basi ukiwatoa majike wakubwa wale vijana watageuka, nafasi itajazwa. Yaani mfumo unajirekebisha wenyewe. Nililala na hilo wazo nikaamka nalo na kwa kweli nilitaka kufuta nilichokuwa nimeandika chote.

Halafu nikaanza kuona halikai sawa. Nafasi inajazwa, sawa, ila inajazwa na nani? Na jike mdogo. Jike mdogo ana tumbo dogo. Ukihesabu vichwa utaona majike wapo, madume wapo, kila kitu kipo, na mayai yamepungua. Tena anayegeuka kuwa jike anatoka kwenye hesabu ya madume. Kile kinachoitwa kujirekebisha kinaweza kuwa ndo kinachotuficha tusione. Samaki anayebaki jike maisha yake yote ukimvua sana utaona haraka majike hawapo. Huyu anaendelea kukuonyesha jike, kila mwaka mdogo kidogo kuliko wa mwaka jana.

Hapo bado nilikuwa na hoja tu. Kilichonigeuza kabisa ni kitu cha biashara.

## Wanaomfuga wanajua

Daurade wengi wanaouzwa Ulaya leo hawakuvuliwa, wamefugwa. Uturuki na Ugiriki ndo wanaongoza. Miaka ya mwanzo ya 1980 Waitaliano walifaulu kumzalisha kwenye matangi, na mwisho wa muongo huo vifaranga vikawa vinazalishwa kwa wingi, Hispania, Italia, Ugiriki. Wanakuzwa kwenye vizimba vya nyavu baharini, wakifika gramu 400 hivi, kwenye mwaka mmoja na nusu, wanatolewa sokoni.

Fanya hesabu. Gramu 400, mwaka mmoja na nusu. Hajawahi kuwa jike. Nilisimama sokoni mbele ya ile meza ya barafu, daurade wamepangwa safu nzuri, wote saizi moja, wote wanaangalia upande mmoja, na nikagundua natazama madume matupu. Mama zao wako wapi?

Wako kwenye matangi ya watu wa vifaranga, na wanatunzwa haswa. Wanalishwa chakula cha kwao tofauti. Taa zinawashwa na kuzimwa kwa ratiba ili miili yao iamini ni vuli, watage hata kama nje ni kiangazi. Na hapa ndo penyewe: wale wafugaji hawawezi kuweka samaki tangini wakasahau, kwa sababu madume watageuka. Msimu hadi msimu majike yanaongezeka, madume yanapungua, kwa hiyo lazima waingize madume vijana wapya wasawazishe. Wanajua nani ana umri gani, nani ni jike sasa, nani amebaki dume, mkubwa yupi anataga vizuri. Hakuna hata mmoja anayemchukua jike wa kilo tatu anayetaga akampeleka sokoni katikati ya msimu. Angefukuzwa kazi.

Kumbe elimu ipo. Ipo kwenye karatasi za kila siku za mahali pa kazi, watu wanapata mshahara nayo. Ila imeishia ukutani mwa tangi. Ukitoka nje ya ule ukuta, kwa daurade yuleyule aliye huru, tunarudi kwenye rula ya sentimita 20 na picha ya simu.

Basi msimamo wangu ni huu na nausema wazi: kima cha chini peke yake hakitoshi kwa samaki anayeanza dume. Kinatakiwa na kima cha juu. Mkubwa kupita kiasi fulani arudishwe, angalau Oktoba mpaka Desemba anapokuwa anatoka kwenda kutaga. Chukua wa katikati, kula, furahi. Na hasara za wafuga chaza zishughulikiwe kwa nyavu za kuzungushia kamba, wengine wameshaanza, zina gharama na kazi yake ni ngumu, hapo serikali iweke mkono. Naamini hivyo vyote viwili vinawezekana kwa pamoja.

## Changu

Nikampigia mjomba Tanga. Nilitaka tu kumsimulia, yeye amevua maisha yake yote, hadithi ya samaki haimpiti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huko baridi imeshaingia?"

Tukaongea mawili matatu, nikamweleza ya daurade. Akanyamaza, akasema, "Na changu je?"

Changu nilikuwa nimeshamsoma, maana ukoo wake na wa daurade ni jirani kabisa. Na changu wengi wanaenda kinyume. Wanaanza majike, halafu baadhi wakikua wanageuka madume. Kwa hiyo pale Tanga, pale Feri, pale Malindi Unguja, changu mkubwa mnadani, yule anayepandishwa bei mpaka watu wa hoteli wanabaki wenyewe, huenda ni baba. Na wale vidogo wa mafungu, wanaokaangwa, wengi wao ni majike, wengine hawajapata hata kutaga mara moja.

Na hatuna haja ya kwenda mbali, hata ndugu halisi wa daurade, wa ukoo uleule mmoja, wapo kwetu kwenye mikoko na midomo ya mito, na wapo wanaoanza dume vilevile. Kwa hiyo kwenye ndoo moja ya mvuvi mmoja wa pwani yetu unaweza kuwa na samaki wawili wanaofanana umbo, mkubwa wa huku ni baba, mkubwa wa kule ni mama. Rula moja haiwezi kuwatosha.

Mjomba nikamuuliza, wewe umeshawaona changu wakubwa wana nini ndani?

Akasema, "Mkubwa mi simchani. Mkubwa anaenda mzima, tumbo anatoa aliyenunua huko kwake. Sisi tunaochana ni wa kwetu, wadogo."

Nilikaa kimya kwenye simu. Miaka yote ile, na samaki anayemvua mwenyewe, na aliye muhimu kumfungua hamfungui kwa sababu ndo wa pesa. Akaniambia wanaojua ni wapara samaki, wale vijana na akina mama wanaopara kwa kulipwa pale sokoni, wanafungua matumbo kutwa nzima ya kila saizi na hakuna aliyewahi kuwauliza. Amesema ataenda kuwauliza. Namjua, ataenda.

Kwa hiyo na wewe unayesoma hapa, kama upo Tanga, Pemba, Mafia, Lamu, Kilwa, popote changu anapopita mikononi mwako, nakuomba kabla hujamchana mpime kutoka mdomoni mpaka mwisho wa mkia, halafu ukishamfungua angalia: mifuko ya manjano au ya chungwa yenye punje ni mayai, vipande vyeupe laini ni dume. Andika urefu, andika ulichokiona, andika mwezi. Kama ni changu doa sema ni changu doa, usiwachanganye na changu wengine. Nitumie. Wakubwa hasa, hata mmoja.